Wimbo Usiorudi Do

Jumanne, 8 Juni 1999. Ruangwa.

Sindano asubuhi, tako la kushoto leo. Vidonge. Mkojo mwekundu kwa dawa, kama kawaida. Uji wa mtama. Halafu kanda.

Nimepata mstari wa tatu wa wimbo. Naandika kwa do re mi kama tulivyofundishwa kwenye kwaya ya shule ya misheni, mimi Muislamu pekee katika safu ya besi. Sijui njia nyingine ya kuandika muziki. Kwenye bendi hatukuandika kitu, mtu alikuonyesha vidole ukashika.

Kazi yenyewe ni hivi. Nasikiliza kipande cha pumzi moja. Nasimamisha. Nakitafuta kwenye nyuzi za gitaa. Naandika. Narudisha. Kitufe cha kurudisha kimevunjika, kwa hiyo naitoa kanda kwenye redio naizungusha kwa kalamu, naipachika tena, nakuta nimepitiliza. Natukana. Naanza upya.

Huyu mtu wa kwenye kanda anapiga peke yake. Nimemsikiliza mwaka mzima na bado namtafuta mwenzake aliyejificha. Besi yake, rithimu yake, solo yake, na ngoma anaigonga kwenye ubao wa gitaa lile lile. Haimbi. Hahitaji kifua.

Ijumaa, 11 Juni

Mke wangu Somoe na mama yake wamekwenda kukata ufuta. Nimebaki na kuku.

Niko ukweni, ndiyo desturi ya huku. Ukioa unahamia kwa mke, unalima shamba la mama mkwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nimepewa, pumzi ndiyo hakuna. Nikilima kidogo nakohoa mpaka naona nyota. Mama mkwe hasemi kitu. Anapita na kapu kichwani akiangalia mbele. Ningependa atukane tu tujue moja.

Bendi haijaleta hata salamu. Nimewapigia rithimu miaka yote ile, Nachingwea, Masasi, mpaka Mtwara. Waliposikia kifua kikuu kimenirudia, glasi niliyonywea waliitupa. Sina kinyongo. Uongo, ninacho. Kinanichoma kuliko sindano.

Rithimu bila bendi ni mboga bila ugali. Ndiyo maana nautaka wimbo huu. Nikiushika sitamhitaji mtu. Nitakaa kwenye kigoda popote pale na nitakuwa mwanamuziki tena. Nisipoushika mimi ni mgonjwa anayekula ugali wa ukweni, basi.

Kanda alinirekodia Sista Amparo, Mhispania, kule zahanati ya masista Nachingwea nilipolazwa mara ya kwanza. Alikuwa akiisikiliza kwenye chumba cha dawa. Nilisimama dirishani kwake mpaka akaniuliza nimepotea au vipi. Akaniambia ni muziki wa kwao, flamenko. Akanirekodia wimbo mmoja, ule niliouomba.

Jumapili, 13 Juni

Nimehesabu nne nne kama dansi. Wimbo umekataa. Nimehesabu tatu tatu. Umekubali kidogo, halafu ukanipiga teke.

Mchana ng'ambo ya barabara wameanza ngoma, wanamtoa mwali. Nilikasirika, nikafunga dirisha. Ngoma haifungiwi dirisha. Baadaye nikaona mguu wangu unakwenda na ngoma huku mkono uko kwenye wimbo, na havigombani. Mzunguko ni mmoja, mapigo kumi na mawili, tofauti ni pale wanapokanyaga kwa nguvu. Mtu wa Hispania anahesabu kama wapiga ngoma wa Ruangwa, na mimi nimekaa wiki nzima nahesabu kama karani.

Nimefurahi kijinga. Nimempigia kuku.

Alhamisi, 17 Juni

Sikio la kulia lina filimbi. Nilidhani ni kanda. Nikazima redio, filimbi ikabaki.

Betri zimechoka. Nimezianika juu ya bati pamoja na makopa ya muhogo ya mama mkwe. Jua likizipiga zinapata nguvu za nusu siku.

Jumatano, 23 Juni

Nimefika mwisho wa wimbo. Katikati nimekiruka kipande kimoja, ule mteremko wa haraka kwenye nyuzi nyembamba, pale anapomimina noti kama mtu anayemimina choroko kwenye ungo. Nitakirudia. Nilitaka kwanza kuona wimbo unaishaje.

Hauishi.

Unashuka la, so, fa, mi. Unashuka tena, la, so, fa, mi. Anagonga ubao mara moja, na hapo hapo kinasikika kitufe cha redio ya Sista. Baada yake ni kanda tupu inayokoroma.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na fimbo moja na sheria moja: wimbo unarudi do. Ukiwa wa huzuni sana unaruhusiwa kulala la. Hakuna wimbo unaolala mi. Mi ni mlangoni, hujaingia ndani. Kwa hiyo najua kilichotokea. Sista alibonyeza mapema, labda aliitwa wodini. Mstari wa mwisho, labda miwili, umebaki Nachingwea.

Nina hasira na yule mama kana kwamba kaniibia.

Jumatatu, 28 Juni

Nimejitungia mwisho. Mi, re, do. Limekuwa pambio la Jumapili. Nikapitia so. Nikapitia ti. Nikapanda juu kabisa nikashuka. Kila nikitua do, wimbo unageuka wa mtu mwingine, mtu mnene aliyeshiba. Kutwa nzima nimetwanga maji kwenye kinu.

Filimbi iko masikio yote mawili sasa. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwenye kanda unasikika kama unapigwa nyumba ya pili.

Nesi anauliza kila asubuhi kabla ya sindano, masikio vipi. Namjibu mazima. Aliniambia tangu mwanzo kwamba sindano hii inaua wadudu wa kifua na kwa watu wengine inakula masikio. Nikisema ukweli wataisimamisha. Na watu ambao kifua kiliwarudia wasimalize sindano nawajua, nimewazika. Nisiposema itaendelea kula.

Naogopa huku na naogopa kule.

Jumamosi, 3 Julai

Nimeanguka njia ya kisimani, ndoo na mimi. Ardhi iliinama tu upande mmoja. Vijana wa kijiweni wakasema mzee kashauchapa mtindi saa hizi. Pombe ya wapi, hata chai naitapika.

Somoe aliniita kwa nyuma. Sikusikia. Anasema aliita mara nyingi. Akazunguka mbele, akaniangalia mdomoni na machoni, akajua. Aliniuliza tangu lini. Nikamwambia. Hakulia. Alikasirika mpaka midomo ikakauka, akasema kesho kutwa tunakwenda wote kwa tabibu na nisithubutu kumwambia mtu yeyote kwamba ni mazima.

Mama mkwe alikuwa anapepeta. Alinitazama, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Alimaanisha ubishi wangu, ndivyo methali inavyosemwa. Kisha akatambua alichokisema. Akaacha ungo pale pale na ufuta wake, akaingia ndani.

Jumatatu, 5 Julai

Tabibu ni kijana mpole. Aliandika kwenye karatasi ili nisome, maana alikuwa anaongea chini chini. Kilichokwenda hakirudi. Anaweza kupunguza sindano. Anaweza kuiacha. Hata ikiachwa, masikio yanaweza kuendelea kupungua kwa muda. Na kifua hakijawa salama.

Akauliza mgonjwa mwenyewe anasemaje.

Somoe akajibu kabla yangu. Kifua, alisema. Kifua kwanza. Nilimchukia njia nzima ya kurudi nyumbani. Alinishika mkono nisianguke na mimi nikawa namchukia. Anasema kweli. Kiziwi analima. Maiti halimi.

Tumekubaliana wapunguze, iendelee kidogo, kisha waache.

Alhamisi, 8 Julai

Nimepanga. Lazima niende Nachingwea kwa Sista kabla masikio hayajafunga, nikausikie mwisho. Mteremko wa katikati ninao hapa kwenye kanda, haukimbii. Mwisho ndio uko mbali. Cha mbali kwanza.

Somoe amekataa mpaka sindano ziishe. Nikapiga kelele. Sisikii vizuri ukubwa wa sauti yangu siku hizi, kumbe nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Jumanne, 13 Julai

Nimeweka sikio kwenye spika nikatafuta mwisho nyuma ya ule mkoromo. Labda kwenye kurekodi kuna kitu kilipita chini chini. Nimegeuza kanda upande wa pili. Nimefungua spika nikaigusa kwa ulimi. Somoe kanikuta katika hali hiyo, kaondoka.

Nikiuma ubao wa gitaa kwa meno nasikia zaidi. Sauti inapita kwenye taya. Gitaa lina alama za meno sasa, kama muhogo uliopitiwa na panya.

Besi naipata yote. Uzi wa nne na wa tatu naupata. Wa pili ni wa kubahatisha. Wa kwanza ni mguso tu wa kidole, sauti hakuna.

Jumapili, 18 Julai

Jana sindano iliachwa. Nesi alinishika bega muda mrefu. Vidonge vinaendelea miezi mingi bado.

Keshokutwa kuna lori la ufuta linakwenda Nachingwea. Dereva ni jamaa wa upande wa mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe kaniombea nafasi, tena ya mbele. Hakuniambia yeye, kanitumia Somoe. Sikutegemea.

Jumatano, 21 Julai. Nachingwea.

Barabara ilinitikisa mpaka nikatapika dirishani. Gitaa nimelifunga kwa khanga ya Somoe.

Sista hayupo. Amekwenda vijijini na gari la chanjo. Atarudi kesho, labda. Nimelala banda la wanaosindikiza wagonjwa. Watu wanaongea pembeni yangu na mimi naona midomo tu. Nimewahi kuwa na huzuni. Hii siyo hiyo. Hii ni kama kuzama huku unawaona watu ukingoni wanapika.

Alhamisi, 22 Julai

Amerudi saa nane. Amezeeka, amenenepa, amechomwa na jua. Alinitambua kwa gitaa kabla ya sura. Nikamwambia nimeuleta wimbo wake aone, lakini haujakamilika, namwomba msaada.

Nikapiga. Pale katikati nikaruka, nikaenda mpaka la, so, fa, mi. Nikamwangalia, nikamnyooshea mkono anipe kilichobaki.

Akapiga makofi.

Nikatikisa kichwa. Nikapiga tena sehemu ile ya mwisho, nikanyoosha mkono tena, nikamwambia aweke kanda yake, ile mama ya kanda yangu, na asizime. Akaileta redio, akaweka. Nikaweka kiganja juu ya spika. Besi nilizisikia mkononi. Nikafuata wimbo wote kwa kiganja, nikajua tulipofika, nikahisi ubao ulivyogongwa. Kisha kimya. Kisha vishindo vingine kabisa, vya haraka, wimbo mwingine umeanza.

Nikamuuliza, uko wapi mwisho.

Alicheka kwanza. Halafu aliniangalia vizuri akaacha. Alikuja upande wa sikio la kushoto, akainama, akapiga kelele kwa Kiswahili chake.

"Rashidi, umeisha. Mwisho ni huo."

Nikamwambia hauwezi kuisha mi. Nikamweleza kuhusu do. Nilikuwa naongea kwa nguvu, wagonjwa wakaja dirishani.

Akachukua mkono wangu, akanigongea kwenye kiganja kwa kidole chake, noti nne zikishuka, na ya nne akaikandamiza akaiacha hapo.

"Kwetu, hapa ndiyo nyumbani," alisema. "Hakuna mbele. Mimi nilizima kwa sababu umefika."

Kisha akauliza, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, kwa nini pale katikati nimeruka. Akaonyesha vidole vikiteremka mbio hewani. Kile kipande, alisema, ndicho kizuri.

Nikamwambia bado sijakishika.

Ijumaa, 23 Julai

Sijalala. Naandika nikisubiri lori.

Mwisho nilikuwa nao tangu tarehe ishirini na tatu Juni. Mwezi mzima kamili nimetafuta kitu kilichokuwa mkononi. Mwezi ambao uzi wa kwanza ulikuwa bado unasikika, nyumba ya pili lakini unasikika. Ningekaa na ule mteremko siku mbili tatu, ningekuwa nao. Badala yake nilikuwa naramba spika.

Do, do, do. Ningemwona yule mwalimu leo ningempiga na fimbo yake mwenyewe. Amekufa zamani, hata hilo siwezi.

Najichukia. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Jumatatu, 26 Julai. Ruangwa.

Jana nilitaka kulitia gitaa kwenye moto. Nilifika nalo mpaka jikoni. Mama mkwe akanipokea akaniwekea mikononi mahali pake ubao wa kukatia mboga, akalirudisha ndani ukutani. Hakufanya haraka, kana kwamba namsaidia kupanga vyombo.

Leo nimepata wazo. Betri zikichoka kanda inakwenda polepole na sauti inashuka, kila mtu wa huku anajua, mwimbaji wa kike anageuka babu. Siku zote nimepigana na jambo hilo. Sasa nalitaka. Noti nyembamba nisizozisikia, zikishuka zinaweza kuja huku chini nilipobaki mimi.

Nimekusanya betri zilizokufa kwa majirani. Wamenipa kwa huruma, wakidhani na akili nazo zimekwenda.

Jumanne, 27 Julai

Inawezekana.

Kanda inajikokota, inayumba, lakini mteremko umeshuka. Nausikia! Sauti mbaya, ya mtu anayeongea usingizini, lakini noti ziko moja moja. Nimeuma ubao, sikio la kushoto kwenye spika. Nimepata sita za mwanzo. Mi juu, re, do, ti, do, la. Nimezihakikisha mara nyingi.

Somoe kaniletea chakula nikamwambia usiongee. Akanionyesha kwamba hajaongea.

Jumatano, 28 Julai

Nne nyingine. Jumla yake ni kama nusu ya mteremko. Kichwa kinapasuka. Filimbi imekuwa kubwa kuliko kanda, nasubiri ipumue kidogo ndipo nasikiliza. Vidole tayari vinaijua nusu hiyo. Nimeipiga nikaona kwa macho jinsi inavyokimbia, na nikacheka peke yangu.

Kesho au keshokutwa nitaimaliza.

Alhamisi, 29 Julai

Redio imemeza kanda.

Betri zilikuwa dhaifu mno. Gurudumu moja likasimama, jingine likaendelea kusukuma. Mimi sikusikia, mtu mwenye masikio angesikia inavyotafuna. Nilipofungua ilikuwa imejisokota ndani mpaka kwenye mkanda wa mota. Nimeivuta polepole. Somoe alishika taa ya mkono mchana kweupe ili nione ndani. Imekatika sehemu tatu, na pale palipotafunwa ni katikati.

Tulikaa na lile lundo la utepe mapajani kama watu wanaochambua mboga.

Ijumaa, 30 Julai

Hata Sista akinirekodia nyingine, sitaisikia. Leo nimekaa mbele ya redio ya jirani yenye betri mpya, wamefungulia taarabu mwisho wa sauti. Nimeona watoto wanacheza. Nimepata besi tu, na kidogo sana.

Jumanne, 3 Agosti

Vidonge. Uji. Hakuna kanda.

Sitaki kuandika.

Jumamosi, 18 Septemba

Sikutaka kuandika, nikaona siku zinapita bila jina. Korosho zimeanza kuanguka. Naziokota, hiyo kazi haitaki pumzi wala masikio. Mama mkwe anatembea mbele yangu mstari wa pili wa mikorosho na ninapoyumba anasimama, anajifanya anafunga khanga, mpaka nikae sawa.

Makohozi yamepimwa, hayana kitu. Nesi aliandika HAYANA KITU kwa herufi kubwa, akaipigia mstari. Somoe aliikunja ile karatasi akaiweka kifuani. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kwa ajili yake.

Gitaa nimelishusha ukutani. Uzi wa kwanza ulikuwa umekatika, nimeweka waya wa breki ya baiskeli. Kwangu mimi ni sawa tu.

Shida ni ule mteremko. Nusu ninayo, nusu hakuna, na katikati ya wimbo kuna shimo. Nimejaribu kutunga za kujazia. Najua kutunga. Lakini siwezi kuzisikia nilizotunga, na sitaki kuweka mdomoni mwa yule mtu maneno ambayo hata mimi siyasikii. Leo nimejaribu hivi. Noti zinapoisha naacha nyuzi, nagonga ubao, hesabu ile ile ya kumi na mbili, mpaka mahali ambapo yeye angekuwa amefika. Kisha naingia tena.

Kugonga huko nakusikia. Kunapanda kwenye mbavu.

Jumapili, 5 Machi 2000

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kwenda shamba. Vidonge vilikwisha mwezi uliopita na kifua kimekaa kimya. Ndani ya masikio filimbi nayo imepungua. Kumebaki kama pamba.

Baada ya chai nilikaa kwenye kigoda mlangoni. Somoe alikuwa chini kwenye jamvi anasuka ukili wa mkeka mpya, mgongo kwenye nguzo. Mama mkwe alikuwa amelala. Sikumwambia Somoe kwamba napiga wimbo wote. Nilianza tu.

Hii ni mara ya kwanza kuupiga kutoka mwanzo mpaka mwisho mbele ya mtu tangu Nachingwea. Besi nilizipata kifuani. Zilizobaki nilizipiga kwa kuamini vidole. Kwenye mteremko nikakimbia nusu yangu, nikaacha, nikagonga ubao. Somoe aliinua macho pale, akaona sijaharibu, akarudisha macho kwenye kazi. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka, ukili unarefuka mapajani.

Nikashuka mara ya kwanza. Nikashuka mara ya pili, la, so, fa, mi, nikagonga, nikalaza kiganja juu ya nyuzi. Sikujua kilichotoka. Sina namna ya kujua. Nikamwangalia.

Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya ukili, haisubiri noti nyingine. Hakuniangalia, aliangalia mvua. Kisha akavuta miyaa mingine kutoka kwenye fungu, akaendelea kusuka.